Chumba cha Muziki cha Kerege na Historia ya Kusikiliza Pwani

Mtumishi mmoja wa umma, aliyebakiza miaka michache kustaafu, anajenga nyumba Kerege, kando ya barabara iendayo Bagamoyo. Aliniletea ramani ya nyumba hiyo kwa sababu aliwahi kunisikia nikizungumzia historia ya majengo ya pwani, akadhani huenda nikawa na la kumshauri. Nyuma kabisa, mbali na sebule na mbali zaidi na barabara, mchoraji ameandika: chumba cha muziki. Kina urefu wa mita 6, upana wa mita 4 na kimo cha mita 3. Hakina dirisha. Kina mlango mmoja mzito. Humo mwenye nyumba anakusudia kuweka mashine ya santuri, amplifaya, spika mbili zinazomfika mtu mzima kifuani, na kiti kimoja.

“Kimoja tu, Mzee?” nilimuuliza.

“Kimoja, Mwalimu. Stirio ina mahali pamoja tu pa kukaa.”

Kwa upande wa fizikia hakukosea. Spika mbili na msikilizaji hufanya pembetatu yenye pande sawa. Anayekaa kwenye ncha ya tatu humsikia mwimbaji kana kwamba amesimama katikati, huku gita likiwa kushoto na tarumbeta kulia. Anayesogea pembeni huisikia zaidi spika iliyo karibu naye, na mwimbaji humhama. Mtambo wa namna hii ulipewa na Waingereza jina lenye maana ya uaminifu wa hali ya juu, yaani sauti inayotoka iwe aminifu kwa sauti iliyoingia. Jina hilo likifupishwa na kutamkwa kwa Kiswahili, haifai, hugeuka kuwa hukumu, na fundi wangu wa Kariakoo hanisamehei utani huo kila ninapompelekea amplifaya yangu kuukuu.

Nilirudi nyumbani na swali ambalo si la fizikia. Katika pwani hii, ambako sauti iliyorekodiwa ina zaidi ya miaka mia moja, ni lini msikilizaji alikaa peke yake nyuma ya mlango uliofungwa? Na huo uaminifu tunaoununua kwa mamilioni, ni uaminifu kwa nani?

Miongoni mwa mashine za mwanzo za sauti kufika nchini ni fonografu aliyokuja nayo Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho kutoka Leipzig, mwaka 1906. Alipita Lindi na kupanda hadi uwanda wa Wamakonde wakati Vita vya Maji Maji vilikuwa bado havijazimika kabisa. Watu waliimba mbele ya pembe la mashine, sindano ikachora sauti zao kwenye mitungi ya nta, kisha nta ikasafirishwa Ujerumani. Hazina ya Berlin iliyohifadhi mitungi ya namna hiyo kutoka pande zote za dunia iliingizwa na UNESCO katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1999. Waimbaji wenyewe walisikia sauti zao kwa dakika chache, wakiwa wamesimama, katika umati. Tangu siku hiyo kumekuwa na umbali kati ya mahali sauti yetu inapotoka na mahali inapotunzwa, na umbali huo haujawahi kuzibwa.

Santuri ilikuja kwa njia nyingine, ya biashara. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alivuka bahari na wenzake kwenda Bombay kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na wanafunzi wetu wengi wanamjua Siti kupitia kitabu hicho bila kuwahi kusikia hata upande mmoja wa sahani zake. Hilo peke yake ni jambo la kutafakari. Sahani za wakati ule zilizunguka mara 78 kwa dakika na upande mmoja ulibeba takriban dakika tatu. Taarab iliyozoea kukesha ilibidi ikatwe. Hata hivyo, sahani hizo zilifanya jambo ambalo mwili wa mwanamke haukuruhusiwa kulifanya kwa urahisi: ziliiketisha sauti ya mwanamke, tena mwanamke aliyetoka katika ukoo wa watumwa, katikati ya wanaume kwenye migahawa ya kahawa. Wimbo wake juu ya Kijiti, mtuhumiwa wa mauaji ya mwanamke aliyekimbilia Bara, ulikuwa hukumu ya umma juu ya mahakama ya kikoloni. Wimbo wa namna hiyo hauna maana ukisikilizwa na mtu mmoja. Unahitaji mwingine wa kumgeukia na kumwuliza, “Umesikia?”

Bei ya mashine ya santuri ilikuwa mbali na uwezo wa mvuvi au mchukuzi, hivyo mashine moja ilihudumia masikio mengi. Ilitiwa ufunguo kwa mkono, haikuhitaji umeme, wala haikuwa na kitufe cha kupunguza sauti. Ilitoa sauti iliyonayo, na sauti hiyo ilitosha baraza.

Hapa inafaa nisimame kidogo kwenye nyumba yenyewe, kwa sababu nyumba ndiyo chombo cha kwanza cha muziki, na mwenzangu wa Kerege alikuja kwangu kwa ajili ya nyumba. Nyumba za mawe za Bagamoyo, ambazo nyingine zimesimama na nyingine zimeanguka pale Mtaa wa India na jirani zake, zilijengwa kwa kipimo cha mti. Boriti za mikoko zilizobeba dari haziruhusu chumba kuwa kipana zaidi ya mita mbili na nusu hadi tatu. Kwa hiyo vyumba vikawa virefu na vyembamba, vikizungukwa na kuta nene za matumbawe na chokaa. Katika joto letu sauti husafiri takriban mita 350 kwa sekunde. Chumba chenye upana wa mita 2.8 huitia nguvu sauti ya takriban hezi 62, kwa kuwa wimbi lake lina urefu wa mita 5.6, mara mbili ya upana huo. Mtu akipiga gita la besi humo, noti moja hunguruma kupita kiasi na jirani yake hupotea. Mjenzi wa karne ya 19 hakuwa na haja ya kulijua hilo. Alijua kwamba muziki haupigwi chumbani. Chumba ni cha kulala, kuhifadhi na kuzalia watoto, na muziki una ukumbi wake, ua wake na baraza yake.

Baraza ina fizikia yake, na imefafanuliwa vizuri na mtu ambaye sidhani kama aliwahi kuiona. Mwaka 1895 kijana mmoja mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, Wallace Sabine, alipewa kazi ya kuponya ukumbi wa mihadhara ambamo hakuna aliyemwelewa msemaji, kwa sababu neno moja liliendelea kulia hadi kulifunika lililofuata. Usiku alibeba mito ya viti kutoka jengo la jirani, akaitandaza ukumbini, akapima sauti inachukua muda gani kufa. Kutokana na kazi hiyo akapata kanuni inayotumika hadi leo, na kipimo alichokichagua cha kumeza sauti kilikuwa dirisha lililo wazi. Mita moja ya mraba ya dirisha lililofunguliwa humeza sauti yote inayoifikia, kwa sababu haiirudishi. Kila kitu kingine, zulia, pazia, godoro, mwili wa binadamu, hupimwa kwa kulinganishwa na uwazi huo.

Kwa kanuni ya Sabine, baraza ni dirisha tupu. Ukuta mmoja nyuma, mbele mtaa na mbingu. Sauti ya santuri iliwafikia watu moja kwa moja, ikaenda zake.

Linganisha na nyumba tunazojenga leo kutoka Bunju hadi Mapinga, Kerege na Kiromo: marumaru sakafuni, jipsamu darini, plasta laini ukutani, vioo vya alumini. Hakuna kinachomeza sauti. Chumba cha mwenzangu kina mita za ujazo 72. Ili sauti ife ndani ya nusu sekunde, muda unaofaa kwa muziki nyumbani, kinahitaji umezaji sawa na mita za mraba 23 za dirisha lililo wazi. Yeye amepanga kutokuwa na dirisha hata moja. Kikibaki na marumaru, mwangwi utaishi zaidi ya sekunde nzima, na hakuna spika ya bei yoyote itakayoweza kuuzuia. Nilimwambia apunguze fedha za spika na kuziweka kwenye chumba: rafu za vitabu vya ukubwa tofauti ukuta wa nyuma, mapazia mazito pembeni, busati nene badala ya mkeka, na pembeni mwa chumba magunia au magodoro ya pamba yaliyofunikwa kwa kitambaa, maana sauti nene hujificha kwenye kona. Nikamwonyesha pia kwamba urefu wa mita 6 ni mara mbili kamili ya kimo cha mita 3, kwa hiyo sauti ya takriban hezi 58 itatiwa nguvu na pande zote mbili kwa pamoja. Abadilishe kipimo kimoja kabla fundi hajafika kwenye lenta.

Alikubali yote. Alichokataa ni kuongeza kiti.

Tukirudi kwenye historia, redio iliendeleza pale santuri ilipoishia. Mwaka 1949 ilitokea kule Lusaka redio ya betri ya bei nafuu, iliyotiwa ndani ya bakuli la alumini mithili ya sufuria, ikauzwa kwa pauni 5 bila betri yake. Watawala walikuwa wamegundua kwamba Mwafrika ni msikilizaji. Mwaka 1951 zikaanza Sauti ya Dar es Salaam na Sauti ya Unguja. Miaka michache baadaye pwani nzima ilikuwa ikiinasa Cairo, iliyoanza matangazo ya Kiswahili mwaka 1954 na ambayo maneno yake juu ya wakoloni hayakuwa ya adabu, na mwaka 1957 BBC nayo ikaanza kusema Kiswahili. Mzee mwenye redio hakuwa na haki ya kufunga mlango. Angefunga, angeitwa bakhili, na wakati ule wa siasa za uhuru angeitwa jina baya zaidi.

Baada ya uhuru dola ililielewa jambo hili kuliko ilivyoelewa mambo mengine mengi. Mwaka 1965 shirika la utangazaji liliwekwa chini ya serikali moja kwa moja, likawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Mwaka uliofuata kampuni ya Kijapani ya Matsushita ilikuwa na kiwanda Dar es Salaam, na redio za National, pamoja na zile za Philips zilizounganishwa Arusha, zikaingia vijijini zikining'inia kwenye usukani wa baiskeli. Kilele chake ni kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Takriban watu milioni 2 walijiandikisha katika vikundi vya kusikiliza. Kikundi kilikuwa na redio, kijitabu na kiongozi aliyefunzwa. Kipindi kikiisha, redio ilizimwa na watu wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba choo au kufyeka vichaka. Sijui nchi nyingi zilizowahi kuunda chumba cha kusikilizia chenye ukubwa huo, kisicho na kuta.

Nisiisifu kupita kiasi. Kikundi kiliweza kujibizana ndani yake, lakini hakikuweza kuijibu studio. Waliotangaza kutoka Barabara ya Pugu walikuwa na maikrofoni, na waliokaa chini ya mwembe walikuwa na masikio. Wanaharakati wanaosoma safu hii, wanaopenda kuitaja miaka ile kama zama za ushirikishwaji, wakumbuke kwamba uzi ulikuwa na upande mmoja wa kusemea.

Na wakati huohuo mtu aliyetaka sauti nzuri kwa ajili yake mwenyewe alianza kutiliwa shaka. Azimio la Arusha la 1967 lilimtaka kiongozi asijilimbikizie. Amplifaya ya stirio si nyumba ya kupangisha wala hisa katika kampuni, lakini ilikaa sebuleni, ikionekana. Vifaa vililetwa na mabaharia, na watumishi waliorudi masomoni ng'ambo. Sheria ya Uhujumu Uchumi ilipopitishwa mwaka 1983, kitu chochote cha thamani kisicho na stakabadhi kiliweza kuwa ushahidi. Wenye kumbukumbu za mwaka ule husimulia vitu vilivyofukiwa uani na vilivyotupwa usiku, redio zikiwemo. Kwa hiyo mlango wa kwanza wa chumba cha muziki kufungwa katika nchi hii, kwa maoni yangu, ulifungwa na woga. Mtu alisikiliza kwa sauti ya chini, pazia likiwa limeshushwa, ili jirani asijue kwamba ana kitu cha kusikilizia.

Mwaka uliofuata serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa walikozipata, na redio kaseti kutoka Dubai zikajaa. Sehemu hiyo ya historia inajulikana. Niseme tu kwamba kaseti ilimpa kijana uwezo wa kurudia wimbo mara kumi chumbani kwake, jambo ambalo baraza isingemvumilia.

Muziki wenyewe ulikuwa wapi wakati wote huu? Hapa ndipo neno uaminifu linapoanza kuuma. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi zilizotaka santuri zilikwenda Nairobi, ambako viwanda vilikuwepo, na mpaka ulipofungwa mwaka 1977 baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika, njia hiyo ikawa nyembamba mno. Iliyobaki ni studio ya RTD. Bendi iliingia, ikapiga, ikarekodiwa kwenye utepe mpana wa sumaku, ikatoka. NUTA Jazz, bendi za Morogoro, Tanga na Tabora, vikundi vya taarab vya Dar es Salaam, ngoma za mikoani: sehemu kubwa ya sauti ya taifa hili kwa miaka ishirini na zaidi iko kwenye tepe hizo, ambazo leo ziko mikononi mwa TBC. Zilipigwa hewani mara nyingi. Wapigaji hawakupata mirabaha, na sheria iliyozungumzia haki zao kwa lugha ya kisasa, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, ilikuja mwaka 1999, wakati wengi wao walikwishazikwa.

Ndugu msomaji, utepe wa sumaku ni plastiki iliyopakwa unga wa chuma kwa gundi. Gundi hiyo hunywa unyevu. Dar es Salaam ni mji wa unyevu. Kila mwaka unaopita bila tepe kunakiliwa kwa uangalifu, kwa mashine iliyorekebishwa vizuri na kwa ubora wa juu, ni mwaka ambao masafa ya juu ya sauti, yale yanayotufanya tutofautishe pumzi ya mwimbaji na kelele ya hewa, yanazidi kufifia. Nakala zinazozunguka mtandaoni zimepita kwenye redio, kaseti, kompyuta na simu kabla ya kutufikia. Mwenzangu wa Kerege ataweka spika za thamani ya gari dogo mbele ya nakala ya namna hiyo, na spika hizo, kwa kuwa ni aminifu, zitamwonyesha kila kovu.

Kuna mfano ulio karibu zaidi na nyumba yake, nao haunitoki akilini. Hukwe Zawose, Mgogo aliyealikwa Dar es Salaam na Mwalimu Nyerere na baadaye akaishi na kufundisha Bagamoyo, ambako Chuo cha Sanaa kilianzishwa mwaka 1981, alikuwa bingwa wa ilimba na zeze. Ilimba yake ilikuwa na vipande vya chuma vingi kuliko ilivyozoeleka. Vingine hupigwa kwa kidole gumba, vingine huachwa vitikisike vyenyewe kwa kuitikia. Kwenye tundu la sanduku hubandikwa utando mwembamba wa buibui, na utando huo hutoa mvumo unaoizunguka kila noti kama nyuki. Mvumo huo ni sehemu ya muziki. Kwa mhandisi asiyejua, ni spika mbovu. Sijui kipimo kizuri zaidi cha mtambo wa sauti katika pwani hii kuliko huu: je, unaweza kuutenganisha mvumo wa utando na mvumo wa spika yako mwenyewe?

Lakini ili ufanye jaribio hilo unahitaji rekodi inayostahili. Nayo ipo. Ilitolewa mwaka 1996 kwa jina la Chibite na Real World, kampuni ya Peter Gabriel, iliyo katika kijiji kimoja cha kusini magharibi mwa Uingereza. Hukwe alifariki mwaka 2003. Ukoo wake unaendelea kupiga palepale Bagamoyo, mwendo wa dakika chache kwa gari kutoka chumba cha muziki kinachojengwa. Mwenye chumba hicho, akitaka kuisikia ilimba ya jirani yake kwa uaminifu wa hali ya juu, ataagiza sahani kutoka Uingereza na kulipia forodha bandarini.

Simlaumu Peter Gabriel. Alifanya kazi nzuri, na bila yeye tusingekuwa hata na hiyo. Ninachouliza ni kwa nini chuo cha sanaa cha taifa, shirika la utangazaji la taifa na wizara ya utamaduni viliishi na mtu huyo kwa zaidi ya miaka thelathini, na bado kipimo chetu cha ubora wa sauti yake kimekaa nje. Watumishi wa umma wanaonisoma watasema bajeti. Bajeti ilikuwepo ya kujenga, hata ya kujenga upya ukumbi wa chuo uliowaka moto mwaka 2002. Iliyokosekana ni fikra kwamba rekodi ni jengo.

Wapo pia wajenzi ambao hatuwahesabu. Tangu miaka ya 1980 na 1990 vijana wa Dar es Salaam waliunda mchiriku kwa vinanda vidogo vya Casio vilivyokwishachoka, vikachomekwa kwenye amplifaya za kuunga na pembe za matangazo kama zile za misikitini. Sauti ilipasuka, nao wakaipenda ikipasuka, kwa sababu ilifika mtaa wa tatu. Singeli ni mjukuu wa kelele hiyo. Mafundi wake wanajua zaidi kuhusu transfoma, koili na ukubwa wa boksi la spika kuliko wengi wetu wenye shahada. Ukiwaeleza kuhusu kiti kimoja katika pembetatu watakucheka, nao watakuwa na haki. Wakati huohuo sikubali kwamba kila anayetaka utulivu ni bepari. Mwalimu wa muziki anayetaka kusikia mkono wa kushoto wa mpiga gita la NUTA anafanya nini katika hekaheka ya kigodoro? Anahitaji ukimya, kama msomaji anavyohitaji taa. Tatizo langu na mlango mzito ni kwamba ukimya umekuwa wa kununuliwa, wakati kinachosikilizwa ndani yake ni mali ya wote.

Chumba kimoja cha umma kingetosha kuanzia. Bagamoyo ina majengo ya mawe yanayokarabatiwa kwa ajili ya watalii. Lichukuliwe moja, lenye chumba kirefu na chembamba cha boriti. Uwekwe mtambo mzuri usio wa fahari, spika zenye mpira badala ya sponji kwenye kingo maana sponji huoza kwa hewa ya chumvi, stabilaiza ya kulinda dhidi ya umeme unaopanda na kushuka, na viti ishirini. Ziletwe nakala safi za tepe zile, zenye majina ya wapigaji na malipo kwa warithi wao. Mwanafunzi aingie kwa kitambulisho chake, mvuvi aingie bila kitambulisho. Gharama yake haifiki ya magari mawili ya serikali. Nimelitaja jambo hili katika vikao kadhaa, nikajibiwa kwa heshima kwamba wazo ni zuri.

Wiki iliyopita nilipita Kerege. Kuta zimefika kwenye lenta. Mzee alikuwa amesimama na fundi mkuu katika kile ambacho kilikuwa chumba cha muziki na sasa, kwa mabadiliko ya ramani aliyoyafanya mwenyewe bila kuniambia, kitakuwa stoo. Chumba amekihamishia mbele. Kimefupishwa kidogo urefu ili usilingane na kimo mara mbili, na ukuta wake wa mashariki, unaotazama baraza, umeachwa na tundu kubwa la dirisha lenye milango miwili ya mbao itakayofunguka yote.

“Mkewangu anasema wajukuu watanivunjia sindano,” alisema. Kisha akaniomba nimsaidie kupima: dirisha likifunguliwa lote, zimepatikana mita ngapi kati ya zile 23?

Tukapima. Nne na nusu. Zilizobaki, nikamwambia, atazitafuta kwa watu. Mtu mmoja aliyeketi humeza karibu nusu mita.

Akahesabu kwa vidole, akamwita fundi, akamwuliza kama baraza ile inaweza kurefushwa.